Shilingi 85,000 za Chambo: Kisa cha Mwanafunzi wa Kansanga

Mwanafunzi wa kisa hiki ametungwa, ili pasiwe na mtoto wa mtu atakayenyooshewa kidole. Hatua alizopitishwa hazikutungwa: ndizo zinazotumika kuwanyonya vijana kupitia simu zao, Kampala na kwingineko. Nimezipanga katika kisa kimoja ili tuone zinavyoshikana, kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa wanafunzi huzitaja mojamoja, na mojamoja hazimtishi mtu.

Binti yuko mwaka wa pili, anasoma biashara, anakaa hosteli Kansanga, mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara ya Ggaba. Kwao ni Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Mama yake anauza dagaa wakavu sokoni, na humtumia ada kwa simu kidogo kidogo kadiri biashara inavyokwenda. Ada ya semista ni shilingi 1,600,000. Wiki tatu kabla ya mitihani laini yake ina 1,250,000. Zimebaki 350,000, na chuoni kwake asiyemaliza ada hapewi kibali cha kuingia mtihani. Mama amekwisha kusema mwezi huu mambo ni magumu, na binti hataki kumpigia tena.

Naomba msomaji azikumbuke hizo 350,000. Wengi wakisikia mtu ametapeliwa husema ni tamaa. Huyu hakuwa anatafuta gari. Alikuwa anatafuta kibali cha mtihani.

Yaliyotokea

Mwaliko ulitoka kwa mwenzake wa chumbani. "Dada, kuna kazi ndogo za kwenye simu, mimi nimeshalipwa mara mbili." Akamwonyesha ujumbe wa mobile money, na fedha zilikuwa zimeingia kweli. Akampa namba ya WhatsApp ya mtu aliyejiita mwalimu, mwenye Kiswahili safi na salamu za heshima. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua video, kuipenda, kufuata kurasa za mahoteli na maduka, kisha kutuma picha ya skrini kama ushahidi.

Siku ya kwanza alilipwa 10,000. Siku ya pili 15,000. Hakuwa ametoa hata senti.

Siku ya tatu alihamishiwa kwenye kikundi cha Telegram na kuambiwa kuna kazi zenye kamisheni ya asilimia 30, ila mfanyakazi huweka fedha zake kwanza ili "mfumo umtambue". Aliweka 50,000, zikarudi 65,000 ndani ya saa moja. Siku iliyofuata akaweka 150,000, zikarudi 195,000. Kufikia hapo alikuwa amepata faida ya 85,000, na fedha hizo alikuwa nazo mkononi. Siku hiyo hiyo alimwalika kijana mmoja wa darasani kwao.

Kisha ikaja "kazi ya pamoja". Watu wanne katika kikundi kimoja, kila mmoja akitegemea mwenzake amalize hatua zake. Hatua ya kwanza 300,000. Akaweka. Ukurasa wa programu yao ukaonyesha salio la 390,000, lakini haliwezi kutolewa mpaka hatua zote ziishe. Hatua ya pili 600,000. Akaweka, salio likasomeka 1,170,000. Wenzake watatu kikundini wakawa wanatuma picha za malipo yao na kuhimizana. Halafu mwalimu akatangaza kwamba mmoja wao amebonyeza vibaya, akaunti za wote wanne zimezuiwa, na kila mmoja alipe 900,000 kurekebisha kosa. Fedha hizo, alisema, zingerudi pamoja na kamisheni.

Laini ya binti ilikuwa imebaki na 435,000. Akakopa 200,000 kwa rafiki wa kwao Busia, na 265,000 kwenye programu mbili za mikopo ya simu ambazo zilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yake. Akaikubali bila kuisoma. Akatuma 900,000.

Salio kwenye skrini likasomeka 2,340,000. Alipobonyeza kutoa, ukatokea ujumbe wa kodi: asilimia 20, yaani 468,000, ilipwe kwanza.

Hapo hakuwa na chochote. Alipoandika kwamba hana, mwalimu alimpa njia ya kutoka: wateja wengine wangetuma fedha kwenye laini yake, naye angezipeleka kwenye namba atakazopewa, na kamisheni yake ingelipa hiyo kodi. Kwa siku mbili alipokea 1,100,000 kutoka kwa watu wanne asiowajua, akazipeleka zote. Siku ya tatu laini yake ikafungwa. Jioni yake akapigiwa na askari wa upelelezi kwa namba nyingine aliyokuwa nayo.

Katika kazi ya pamoja alituma jumla ya 1,800,000. Ukiondoa zile 85,000 za mwanzo, amepoteza 1,715,000, tukiacha ada za kutuma.

Dalili alizofundishwa hazikumsaidia

Binti huyu hakuwa mjinga wa mambo ya utapeli. Alijua ule mchezo wa ujumbe wa uongo unaosema umepokea 300,000, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba na anaomba umrudishie. Alijua hatakiwi kumtajia mtu namba yake ya siri. Alifundishwa kuogopa namba asizozijua, lugha iliyojaa makosa, na ahadi zisizoonekana.

Sasa angalia. Mwaliko ulitoka kwa mtu anayelala naye chumba kimoja. Lugha ilikuwa nzuri. Ahadi ilionekana, tena iliingia kwenye laini yake mara nne. Namba yake ya siri hakuna aliyeiuliza. Kila dalili aliyofundishwa alipoipima ilimwambia aendelee, na hili ndilo linalonisumbua kuhusu mafunzo yetu kwa wanafunzi. Tunawafundisha sura ya tapeli, na sura ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha.

Zile 85,000 zilifanya kazi ambayo maneno yasingeweza. Mtu aliyelipwa haamini tena kwa kusikia, anaamini kwa kushika. Zilitoka wapi? Kwa jinsi michezo hii inavyoendeshwa, fedha za kumlipa mgeni wa leo huwa zimetoka kwa mgeni wa jana aliyefika kwenye hatua ya 300,000. Charles Ponzi alifanya hivyo Boston mwaka 1920, akiwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45 na kuwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Uganda nasi tumeyaona. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake ghafla, Masaka na kwingine, na kuwaacha maelfu ya watu, vijana wengi miongoni mwao, wakiwa wameiwekea fedha. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Benki Kuu ya Uganda ilikuwa imetoa onyo kwa umma kuhusu OneCoin, sarafu bandia ya mtandaoni, ambayo ilivuna watu wetu hadi vijijini.

Tofauti ya safari hii ni kwamba hakuna ofisi ya kufungwa wala semina ya hotelini. Kila kitu kimo kwenye simu, na kinakwenda kwa kasi ya simu. Marekani, ambako Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, huhesabu malalamiko ya aina hii ya "kazi", ripoti zilikuwa karibu 5,000 mwaka 2023, na katika nusu ya kwanza tu ya 2024 zikafika karibu 20,000. Mtindo wake ni ule ule: malipo madogo ya mwanzo, kisha mtu anatakiwa aweke zake.

Fedha ya kukomboa fedha

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu, ningemwacha apende hizo video. Ningemfundisha kuitambua siku ya tatu.

Siku ya kwanza na ya pili fedha zilikuwa zinatoka kwao kuja kwake. Siku ya tatu mkondo uligeuka: ili apate, lazima atoe. Hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa kazi. Mwajiri hukata gharama zake kwenye mshahara, hamwombi mfanyakazi alete fedha kwanza ili alipwe. Anayekudai kodi kabla hajakupa fedha zako angeweza kuikata humo humo: kama kweli ana 2,340,000 zako, aondoe 468,000 akutumie 1,872,000. Hesabu hiyo ya mistari miwili ndiyo iliyotakiwa kufanyika chumbani Kansanga usiku ule, na inafaa kwa mambo mengi zaidi ya hili. Ufadhili wa masomo ng'ambo unaodai ada ya kushughulikia fomu kwa namba ya mtu binafsi, kazi ya Dubai inayotaka ulipie vipimo kwa wakala kabla hujaona mkataba, mkopo unaotaka "bima" kwanza, chumba cha hosteli kinacholipiwa kabla hujapewa ufunguo ukakiona: vyote vina mgeuko huo huo.

Kwa nini hakuifanya hesabu hiyo? Kwa sababu 1,800,000 zake zilikuwa tayari upande wa pili. Mtu aliyekwisha kutoa haulizi tena kama jambo ni la kweli, anauliza atazirudishaje alizotoa. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana viwango vya kuweka vilizidi kupanda, na zile 900,000 na kodi ya mwisho zilikuwa ndogo kuliko salio lililoonyeshwa kwenye skrini. Salio lile lilikuwa maandishi tu. Mwenye ukurasa huandika tarakimu anayotaka.

Na kulikuwa na wale watatu wa kikundini. Katika michezo ya namna hii wenzako wa "kazi ya pamoja" kwa kawaida ni mtu mmoja au wawili wa upande wa tapeli wenye namba kadhaa. Wanakufanya uone haya kuwaangusha. Mwalimu naye alimkataza kuzungumza na mtu wa nje kwa sababu "atavuruga kazi ya timu". Ukiambiwa na mtu wa fedha usimweleze mama yako wala rafiki yako, mweleze siku hiyo hiyo. Mama anayeuza dagaa Busia, aliyezoea kukabidhiwa shilingi za Kenya na za Uganda na wateja wa kila namna, angelitegua jambo hili kwa swali moja: fedha zangu nazitoaje leo bila kuongeza?

Jina lake kwenye simu ya mwingine

Kulikuwa na dalili moja mbele ya macho yake tangu siku ya tatu. Ukituma fedha kwa mobile money, kabla ya kuthibitisha simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Kila mara aliyoweka fedha lilitokea jina jingine: mwanamke, mwanamume, mwanamke mwingine. Aliyaona majina ya Kiganda na Kinyankole akatulia, akidhani kampuni ina mawakala wa hapa nyumbani. Kampuni halali hupokea fedha kwa jina lake yenyewe, au kwa namba ya mfanyabiashara inayotaja biashara. Kampuni ambayo kila malipo yake yanaingia kwa mtu mpya imejificha nyuma ya watu.

Watu hao ni akina nani? Wengi wao walikuwa kama yeye. Alipokubali kupokea na kupeleka zile 1,100,000, jina lake ndilo lililotokea kwenye simu za watu wanne walipokuwa wanathibitisha kutuma, na huenda nao walitulia kwa sababu ni jina la binti wa hapa nyumbani. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Kisheria hapa ndipo pabaya kuliko upotevu wenyewe. Laini Uganda husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mlalamikaji anapokwenda polisi njia inaishia kwake, si kwa mwalimu wa WhatsApp. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inatoa kifungo cha hadi miaka 15 kwa udanganyifu wa kielektroniki, na Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013 nayo ipo. Kama alijua au hakujua, hilo litapimwa, lakini litapimwa akiwa amekaa upande wa mtuhumiwa. Wanafunzi hawaambiwi jambo hili vya kutosha. Tunawaonya wasiibiwe, hatuwaonyi kwamba laini yao inaweza kutumika kuibia wengine. Yeyote anayeomba kuazima laini yako, kununua laini iliyosajiliwa kwa jina lako, au kupitisha fedha kwako kwa kamisheni, anaomba utangulie mbele yake polisi.

Hata huyo mwalimu tusifanye haraka kumjua ni nani. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 Myanmar na karibu 100,000 Kambodia walikuwa wanalazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na miongoni mwa waliowahi kunaswa katika kambi za utapeli huo wamo vijana wa Uganda walioahidiwa kazi za kompyuta Asia. Wengine ni wahitimu wa vyuo. Kwa hiyo anayeandika Kiswahili safi upande wa pili anaweza kuwa tapeli wa mtaa wa jirani, au msomi aliyenyang'anywa pasipoti. Kwa binti fedha zimepotea vilevile, lakini anayetafuta kazi ng'ambo mwaka ujao alijue hili.

Baada ya kugundua

Saa za kwanza alizitumia vibaya, na kwa sababu inayoeleweka: aibu. Alifuta mazungumzo yote ya WhatsApp, akajitoa Telegram, akazima simu. Kwa kufanya hivyo alifuta karibu kila kitu kilichoonyesha kwamba yeye mwenyewe alitapeliwa. Kilichomwokoa ni ujumbe mfupi wa mobile money, ambao hakuufuta, wenye namba ya kila muamala, saa na jina la mpokeaji, pamoja na picha za skrini ambazo mwenzake wa chumbani alikuwa nazo.

Ambacho kingefaa ni kupiga 100, huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, mara tu baada ya muamala wa mwisho. Kampuni inaweza kuzuia fedha ambazo bado zimo kwenye laini ya mpokeaji. Zikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia, na hutolewa haraka. Baada ya simu hiyo ni kituo cha polisi, kuandikisha maelezo na kupata namba ya jalada. Mtu aliyefika kituoni mwenyewe na miamala yake imepangwa kwa tarehe husikilizwa tofauti na aliyefuatwa hosteli.

Siku ya nne baada ya laini kufungwa alitokea mtu Facebook aliyesema ana rafiki ndani ya kampuni ya simu anayeweza kuzirudisha fedha zote kwa 150,000 za maandalizi. Safari hii binti aliifanya ile hesabu: akaandika, kata hizo 150,000 kwenye zitakazorudi. Hakujibiwa tena. Wanaotapeliwa mara moja hutafutwa mara ya pili, kwa sababu majina yao hupitishwa kwa wengine.

Zile programu mbili za mikopo zilianza kutuma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yake zikimwita mwizi, akiwemo mhadhiri mmoja. Wakopeshaji Uganda wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na kuwasambazia watu deni la mtu ni jambo la kulalamikia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Alipeleka malalamiko. Deni bado analo, na analilipa, kwa sababu alilikopa kweli.

Kwa ada, aliingia ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi akitarajia kufukuzwa. Akapewa barua ya kumwombea alipe kwa awamu, na semista hiyo akafanya mitihani. Sitaki kulipita hili haraka. Kama angejua mapema kwamba mlango ule unafunguka, zile 350,000 zisingekuwa na nguvu ya kumsukuma kwa mwalimu wa WhatsApp. Wiki ya wanafunzi wapya huwa tunawaonyesha maktaba na zahanati. Tuwaonyeshe pia ofisi hiyo, na tuwaeleze kwa maneno ya wazi kwamba aliyepungukiwa ada aje kabla ya wiki ya mitihani, na aliyetapeliwa aje siku hiyo hiyo, wala hatahukumiwa mlangoni. Viongozi wa madarasa wapewe jukumu moja: tangazo lolote la kazi linalotumwa kwenye kikundi cha darasa lijibiwe hadharani kwa swali la nani anamtumia nani fedha kwanza.

Wamebaki wawili. Mwenzake wa chumbani alikuwa amelipwa 40,000 kwa kumleta, na hakujua alichokuwa anakiuza. Bado wanakaa pamoja, na ndiye aliyeandika naye maelezo ya polisi. Kijana wa darasani aliyealikwa na binti alikuwa amefika kwenye hatua ya 300,000 alipopigiwa simu asitume, naye hakutuma. Alikuwa amekwisha kulipwa 25,000, na aliuliza afanye nazo nini. Binti alimshauri azitaje polisi pamoja na namba zilizomtumia, kwa sababu mojawapo ya namba hizo ilikuwa ya binti mwenyewe.